Usiagize Chipsi Kabla ya Uyole

Mwongozo huu ni wa mtu aliye safarini kati ya Iringa na Mbeya, ana njaa, na ana fedha kidogo mfukoni. Uwe unatoka Dar kwenda kumwona shemeji Tukuyu, uwe mwanafunzi unayerudi chuoni Iringa, uwe mgeni uliyekuja kuona tembo wa Ruaha, kanuni ni moja na nitaisimamia mpaka mwisho: chakula kiliwe pale kinapolimwa, au karibu na pale kadiri nauli inavyoruhusu. Chipsi mayai zipo Mbezi, zipo Morogoro, zipo Mikumi. Anayeziagiza tena Ilula, mahali ambapo nyanya na vitunguu vimejaa kando ya lami kwa ndoo na madebe, ameshakata zaidi ya kilomita 400 na tumbo lake bado liko Mbezi.

Tuanze na basi, maana hapo ndipo mlo wa safari unapoharibikia. Kondakta akitangaza dakika kumi, fahamu kwamba ni kumi kweli, na ndani yake kuna kuchimba dawa, kunawa, kuagiza, kula na kulitambua basi lako kati ya mengine yanayofanana nalo. Mkiwa wawili gawaneni kazi: mmoja foleni ya choo, mwingine foleni ya chakula, kisha mpokezane. Ukiwa peke yako, agiza kinachobebeka. Wala usiige sahani ya dereva wa basi. Yeye ameleta abiria basi zima, na mara nyingi mwenye hoteli humlisha kwa shukrani. Mtazame dereva wa lori. Huyo halazimishwi na kondakta, analipa kwa fedha yake, na kibanda anachokiegeshea lori usiku kina sababu. Kama una usafiri wako na ukaona malori ya Zambia na Kongo yamejipanga mbele ya mama ntilie mmoja pale Makambako au Igawa, simama bila kujadiliana.

Kwa dirishani, nunua yai la kuchemsha. Muuzaji hulimenya, hulipasua katikati kwa kisu, hulijaza kachumbari na pilipili, kisha hukukabidhi kwenye kipande cha karatasi kabla dereva hajaingiza gia. Yai hilo liliwe Ilula, ambako nyanya iliyomo ndani haijasafiri. Ukitoka Dar, Ilula iko baada ya kona za mlima Kitonga, na huo ni mpangilio mzuri kwa wenye matumbo yasiyopenda kona: panda Kitonga ukiwa mtupu, kula ukishafika juu.

Wanaokuja kwa TAZARA wana muda zaidi kuliko sisi wa barabara. Reli ile, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ina behewa la chakula, na wali wake unalika. Lakini treni ikisimama kituoni, chungulia nje kwanza ujue kinamama wameleta nini. Behewa halitakimbia.

Sasa Iringa. Mji uko juu ya mlima na barabara kuu inapita chini, Ipogolo, kwa hiyo wengi huijua Iringa kwa Ipogolo tu. Shuka, chukua bajaji, panda. Huko juu kuna mgahawa ambao ningependa kila Mtanzania ale humo angalau mara moja maishani: mgahawa wa Neema Crafts. Neema ilianza mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ikaanza na vijana wachache viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi, ikiwemo karatasi ya kinyesi cha tembo. Leo watu wenye ulemavu wanafuma, wanashona, wanatunga shanga, na kwenye mgahawa wanaokuhudumia ni viziwi.

Hapo kuna namna ya kula, na inafaa uijue kabla hujaketi. Usiite “dada!” kutoka meza ya mbali, na makofi pia hayatakusaidia. Subiri macho yenu yakutane, inua mkono, tabasamu. Oda inaandikwa kwenye karatasi, basi andika kwa herufi zinazosomeka, na andika kamili: “chai ya maziwa, bila sukari”, si “chai”. Kuna ishara zilizoonyeshwa pale kwa ajili ya wageni. Jifunze ya kusalimia na ya kushukuru wakati unasubiri, uzitumie chakula kikifika. Usipaze sauti. Usimgeukie mwenzako ukamwambia “mwambie anipe chumvi”, kwa sababu mhudumu yupo mbele yako na anakuona ukifanya hivyo. Dakika tano baada ya kuketi utagundua kwamba katika chumba kile aliyepungukiwa lugha ni wewe, na kwamba wenyeji wako wamezoea kuwavumilia watu kama wewe.

Nenda na watoto. Watoto hujifunza ishara haraka kuliko wazazi, na mtoto aliyeagiza juisi yake mwenyewe kwa mikono hatakuja kumcheka kiziwi shuleni. Ukimaliza, lipa bei iliyoandikwa, sifia kahawa, ondoka. Huruma usiiache mezani. Wale wako kazini.

Ukishatoka hapo, nenda kwenye ugali. Iringa ni mkoa wa mahindi, na hoteli ndogo karibu na soko zina ugali na mnafu, ile mboga chungu kidogo ambayo watu wa Nyanda za Juu hawaombi radhi kwa uchungu wake. Usiombe ipunguzwe. Ukiona kande, yaani mahindi na maharage yaliyopikwa pamoja mpaka yakaelewana, chukua kande. Na kama ni masika, uliza uyoga. Misitu ya miombo hutoa uyoga wa aina nyingi mvua ikinyesha, na akina mama huuleta barabarani kwenye beseni. Nunua kwa anayeujua na aliyeuchuma mwenyewe. Usiokote wako.

Kabla ya kuuliza bei, salimia. “Kamwene” inatosha kufungua uso wa mama yeyote wa Kihehe, na anayekuzidi umri mpe shikamoo yake. Ukianza na “shilingi ngapi?”, utajibiwa shilingi ngapi na si zaidi.

Halafu kuna ulanzi, na hapa nitasema kwa kirefu kwa sababu wageni wengi huuharibu. Ulanzi ni utomvu wa mianzi. Mwanzi mchanga hukatwa ncha wakati wa mvua, hufungiwa mbeta ya kukingia, na ncha ile hukatwakatwa tena kidogo kila siku ili iendelee kutona. Unaotoka asubuhi ni mtamu, mwepesi, hata bibi asiyekunywa pombe anaweza kuuonja. Ukiachwa, unachacha wenyewe bila kuongezwa kitu, na ule uliokomaa, mkangafu, ni pombe kamili. Kwa hiyo swali la kwanza liwe “umegemwa lini?”, na swali la pili liwe kwako mwenyewe, kama utaendesha gari. Kunywa ukiwa umeketi. Ukipewa kikombe kinachozunguka, usikishikilie ukihadithia; wenzako wanakisubiri. Na ukitaka kumpelekea mtu Mbeya, legeza kifuniko cha chupa. Ulanzi hauachi kuchacha kwa sababu umepanda basi, na gesi iliyobanwa tangu Mafinga italipuka juu ya abiria wa kiti cha mbele.

Jambo moja kuhusu maharage, Iringa na Mbeya zote mbili. Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kwa urefu huo maji huanza kuchemka yakiwa kwenye nyuzi 94 hivi, hayafiki 100, na kuni ziongezwe kiasi gani hayatapanda zaidi ya hapo. Ndiyo maana maharage ya huku hukaa motoni muda mrefu kuliko ya Dar, na ndiyo maana mama ntilie huyabandika alfajiri. Usifike saa nne asubuhi ukalalamika kwamba hayajaiva. Saa nne ni ya supu na chapati. Maharage yana saa yake, ambayo ni kuanzia mchana. Ukiwa na haki ya kuchagua, chagua yale ya njano. Watafiti wa kilimo pale Uyole wametoa mbegu nyingi za maharage, mojawapo ikiitwa Njano Uyole, na mchuzi wake huwa mzito bila kutiwa kitu.

Kutoka Makambako unashuka kwenye mpunga. Igawa, Chimala, Igurusi: hapo uko pembeni mwa bonde la Usangu, na wali ndio chakula. Jina la Kyela limebandikwa kwenye magunia ya nchi nzima, yakiwemo ambayo hayajawahi kuiona Kyela, kwa hiyo usibishane na gunia. Mwombe mama akufunulie sufuria. Mchele wa kunukia hujitambulisha wenyewe. Ukibahatika kufika Kyela au Matema, agiza huo wali na mbasa wa Ziwa Nyasa, na hapo sina la kuongeza.

Kisha Uyole, na ahadi ya kichwa cha habari. Hapa chipsi ni halali. Mashamba ya viazi mviringo yanaonekana kutoka barabarani, magunia yamesimama wima, na kiazi kilichong'olewa juzi kikikaangwa kina utamu ambao cha Dar kimeshaupoteza safarini. Watu wa Njombe watasema viazi bora ni vyao. Nawasikia, na ningewapa ruhusa ya kuanza chipsi Makambako kama wangeniahidi kuzikaanga kwa mafuta mapya.

Mbeya mjini ndipo ninapotaka ukae. Chakula cha jioni hapa, kwa wanaokila, ni kitimoto, yaani nyama ya nguruwe. Wasiokila wana ndizi za Rungwe, kuku, samaki na wali, na mwenyeji mwenye adabu huuliza mapema, kabla hajampeleka mgeni mahali atakapolazimika kunywa soda akitazama wenzake. Wewe unayekila, sikiliza taratibu. Nyama huuzwa mbichi kwa kilo, imeninginizwa, na mkataji anangoja umwonyeshe. Usiseme “popote tu”. Onyesha: mbavu kidogo, na sehemu yenye mafuta kidogo. Simama karibu na mizani. Sema “kavu” au “rosti”, sema ndizi ngapi, kisha nenda ukaketi na usiende jikoni kuhimiza. Nyama nzuri hukaangika taratibu kwa mafuta yake yenyewe, na inakuja kwenye sinia moja na ndizi za kukaanga, kachumbari, chumvi pembeni na pilipili. Binti au kijana hupita na jagi na beseni. Nawa kwa sabuni, kisha kula kwa mkono.

Hili la kunawa na la kungoja silisemi kwa mapambo. Mbozi na maeneo jirani yamefanyiwa utafiti mwingi kuhusu tegu wa nguruwe. Nyama isiyoiva humpa mlaji mnyoo tumboni. Mayai ya mnyoo huo, yakiingia mdomoni kwa mikono michafu au maji machafu, yanaweza kufika kwenye ubongo na kuleta kifafa. Kwa hiyo ukiona kwenye nyama mbichi malengelenge meupe ya ukubwa wa punje ya mchele, ondoka, na mwambie mwenye duka kwa nini unaondoka. Ukiletewa nyama ambayo ndani bado ina wekundu, irudishe. Irudishe kwa upole, “kaka, naomba iongezwe moto”, lakini irudishe. Hakuna aibu hapo.

Sinia hilo la Mbeya lina ndugu yake mbali sana. Ikitokea safari yako ikaendelea kupita uwanja wa ndege wa Songwe, ukajikuta Brooklyn, Miami au Montreal, ugenini, baridi, umechoka mkate, tafuta mgahawa wa Kihaiti. Agiza griot. Italetwa nyama ya nguruwe iliyolowekwa kwenye maji ya machungwa machachu na viungo, ikachemshwa, kisha ikakaangwa mpaka ikawa na ganda. Pembeni kutakuwa na ndizi, zimekaangwa, zikabanjwa bapa, zikakaangwa tena. Na juu yake pikliz, kabichi na karoti zilizolowekwa kwenye siki na pilipili kali. Utaitazama sahani hiyo na utajua mahali pa kuanzia. Kuna pia tchaka, mahindi na maharage na nyama ya nguruwe katika chungu kimoja. Mtu wa Iringa hahitaji kutafsiriwa kande akiiona.

Taratibu za huko si ngeni pia. Salimia kabla ya kuagiza. “Bonjou” asubuhi, “bonswa” kuanzia mchana. Menyu ukutani ina vitu vingi, lakini uliza leo kuna nini, kama unavyouliza sokoni Mwanjelwa, Mbeya. Pikliz ichukuliwe kidogo kwanza, hata kama wewe ni bingwa wa pilipili, maana siki huuficha ukali, nao hukufuata baadaye. Na kama ni tarehe 1 Januari, usiagize kitu kingine chochote isipokuwa supu ya maboga, soup joumou. Wahaiti waliojikomboa utumwani walitangaza uhuru wao siku hiyo mwaka 1804, na supu ambayo watumwa waliipika bila kuruhusiwa kuionja ikawa chakula cha kila nyumba ya Kihaiti mwaka mpya unapoingia. UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2021. Ukikaribishwa bakuli, pokea kwa mikono miwili, kula lote.

Nguruwe naye ana historia inayotuunganisha, na si nzuri. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921. Ngiri wetu huibeba bila kuugua. Nguruwe wa kufugwa hufa. Haimdhuru binadamu, lakini humfilisi. Ilivuka mpaka Ulaya, na mwishoni mwa miaka ya 1970 ikafika Haiti. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa mpango uliolipiwa kwa sehemu kubwa na Marekani, nguruwe wote wa Haiti waliuawa, wakiwemo wale weusi wadogo wa kienyeji waliokula mabaki na kujitafutia. Kwa mkulima, nguruwe yule alikuwa ada ya shule, mazishi na harusi. Walioletwa badala yake kutoka Marekani walihitaji chakula cha kununua na banda la saruji, na familia nyingi hazikuwamudu. Mfugaji wa Kyela au Mbeya anaielewa hadithi hiyo bila maelezo, kwa kuwa homa ileile ilipita kwao 2010 na 2011. Ndiyo sababu ukisikia katazo la kusafirisha nguruwe au nyama yake kutoka wilaya fulani, litii, hata kama umeshaifunga vizuri kwenye begi la mjomba. Mfuko wako wa nyama unaweza kumaliza mabanda ya kijiji kizima.

Siku moja huenda wewe ndiye utakuwa mwenyeji, na mgeni wako akawa Mhaiti. Mpokee Songwe, mpe koti, kwa sababu Juni na Julai Mbeya haimwonei huruma mtu wa Karibi. Siku ya kwanza mpe kande mchana. Jioni mpeleke kwenye kitimoto. Uliza kwanza kama anakula, wapo Wahaiti wasiokula kwa sababu za dini yao kama walivyo hapa. Agiza kavu. Ndizi omba zikaangwe, zipondwe kidogo kwa chini ya kikombe, zirudishwe kwenye mafuta. Mpishi atakutazama, mwambie ni kwa ajili ya mgeni. Kachumbari iongezwe kabichi na ndimu nyingi, pilipili iletwe nzima. Mwache yeye ndiye aonje wa kwanza, na fedha zako zikae tayari, kwa sababu nusu kilo haitatosha.